Mke wa Pindo Kwenye Kioo Kidogo

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hana budi kukaa kwa adabu. Asubuhi ile alikaa Pindo, fundi cherehani, kahawa ikimpoa mkononi. Mkono wa pili ulishika simu yake ya vibonye, yenye kioo kidogo. Jioni alikuwa anasafiri kwenda kumwona mjukuu, mtoto aliyezaliwa bibi yake ameshazikwa na ambaye sasa ameanza kuuliza nani ni nani. Ndiyo maana Pindo alipeleka duka la picha filamu ya harusi ya binti yake, igeuzwe iingie kwenye simu, mtoto amwone bibi akiwa mzima. Bibi kaingia kweli. Lakini kakonda, mashavu yamebonyea, shingo imerefuka.

— Huyu siye, Pindo alisema. Huyu ni yule wa hospitali.

Betri, muuza redio kuukuu asiyekosa jibu, akaichukua simu.

— Hiyo ni chaji. Chaji ikipungua, picha nayo inapungua mwili.

— Chaji imejaa.

— Basi imezidi! Inaunguza picha mafuta.

Kinyozi akatoka, kitana kimechomekwa nyweleni.

— Muongo wewe. Filamu imebanwa na namba za watu. Pindo, futa wale usiowapigia, shemeji apate pa kukaa.

— Na bwana harusi mbona naye kakonda? Betri akauliza.

— Bwana harusi gani anakula siku hiyo?

— Haya, na gari? Limesimama kama kabati. Nalo halijala?

Wakacheka. Pindo alijaribu kucheka nao, kicheko kikagoma. Miezi ile ya mwisho alikuwa akipunguza magauni ya mkewe, kila mara akiingiza mshono ndani zaidi, na mkewe akimsihi asikate kitambaa, aache akiba, maana atanenepa tu. Hakukata hata kimoja.

— Sitaki mtoto aanze kumjua hivi, alisema.

Kicheko kikaisha. Kinyozi akachomoa kitana, akawa anakitazama tu. Ndipo akatokea binti wa duka la picha, ambaye Pindo alikuwa amempigia simu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, akasema Kinyozi. Umemfanya nini shemeji yetu?

Binti akainamia simu.

— Filamu ni pana, kioo hiki karibu mraba. Na mzee aliniambia picha ijaze kioo chote. Nikaibana mbavu.

— Nilisema kweli, Pindo akakubali. Nilitaka aonekane mkubwa.

— Nikiliacha umbo lake, juu na chini patabaki peusi. Atakuwa mdogo.

— Awe mdogo, mama. Mradi awe yeye.

Binti akaenda nayo dukani. Aliporudi, picha ilikuwa ukanda mwembamba katikati ya weusi, na mke wa Pindo humo hazidi punje ya mahindi. Lakini mashavu yalikuwa yake, na mabega yamelijaza vyema gauni aliloshonewa na mumewe.

Kinyozi aliishika simu kwa mikono miwili.

— Ndiye, akasema kwa sauti ya chini. Ndiye kabisa.

Kwenye picha, mama wa bibi harusi aligeuza kichwa, akatazama nje ya picha, akaangua kicheko hadi akaziba mdomo kwa mkono.

— Hapo anacheka nini? binti akauliza.

— Ananicheka mimi. Nilisimama pale pembeni, nimeshika mkoba wake.

— Ulimwambia nini?

Muziki wa harusi ulikuwa umefunika sauti zote. Pindo akarudisha nyuma, akasogeza simu sikioni, akasikiliza. Akarudisha tena. Betri akafungua mdomo, akamwangalia Kinyozi, akaufunga.

— Sikumbuki, Pindo akasema.

Hakuna aliyeinuka. Binti akakalia ile nafasi iliyobaki kwenye benchi, na Pindo akabonyeza, mkewe akacheka tena.