Celica ya Taa Zinazolala

Kizuri chajiuza, wasemavyo, lakini kizuri cha Melania kiliuzwa na mashemeji, matanga hata hayajaanuliwa: Celica nyekundu ya milango miwili aliyoiacha marehemu mumewe. Leo, ndani ya Hiace ya abiria ya kwenda Mwandiga, kando yake alikaa Egide, kijana ambaye jana, mtaani Kasingirima, alimkuta Melania akilia ndani ya Celica ya kijana huyo, nyekundu pia.

"Shikamoo, mama. Jana uliondoka hata radhi hukuomba."

"Marahaba. Gari lenyewe liko juu ya mawe, ningekwenda nalo wapi?"

Abiria wakacheka. Egide hakucheka. "La marehemu mzee wako lilikuwa la mwaka gani?"

"Tisini na tatu. Taa za mbele zikilala mchana, zikiamka usiku."

"Langu tisini na sita! Taa nne za mviringo, hazijui kulala. Hata bodi ni nyingine."

Mzee wa kiti cha nyuma akaunga mkono tisini na sita, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Melania alizijua taa zile zinazolala. Akinunua dagaa Katonga, mumewe alizifumba na kuzifumbua kumwita, naye akatoka sokoni akijivuna. Jana aliona wazi hizi za Egide hazifumbiki. Akafungua mlango hata hivyo, kwa kuwa kiti cha kushoto kilikuwa chini vilevile, na magoti yake yalipanda vilevile.

"Kumbe uliona si lenyewe?"

"Niliona. Mimi kipofu?"

"Na ukaingia?"

"Nikaingia, nikakaa."

"Basi niombe radhi, mama, yaishe."

Hiace ikasimama. Melania akajifunga kitenge vizuri, akashuka, akamgeukia.

"Siombi."