Mwalimu Filomena Banzi na Mtoto Asiyekaa Chini

Tarehe 30 Juni 2000, Mwalimu Filomena Banzi anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya ualimu, ishirini kati ya hiyo akiwa nasi hapa Shule ya Msingi Mafiga. Serikali inampa mapumziko. Yeye anasema hakuyaomba.

Alizaliwa Matombo, katika familia ya wakulima wa ndizi wasiokosa misa ya kwanza. Alipohamia kwetu, sifa zilikuwa zimemtangulia. Darasa lake lilikuwa kimya kiasi kwamba wageni kutoka mkoani walipitishwa mlangoni pake kwanza, kisha wakaharakishwa ofisini kunywa chai kabla hawajayasikia madarasa mengine. Aliamini kuwa elimu humwingia mtoto aliyekaa tu, na kwamba Mungu alipotuumbia makalio alikuwa anayafikiria madawati.

Mwaka 1991 akaletewa Hafidha, wa darasa la pili.

Hafidha alikuwa binti wa Asha, muuza mitumba sokoni, na Sufiani, aliyekuwa amepunguzwa kazi kiwandani ili kiwanda kipendeze machoni pa mwekezaji. Wiki ya kwanza alitoka darasani kupitia dirishani kwa sababu mbuzi alikuwa anapita. Alijibu maswali kabla hayajaisha, na mara nyingi jibu lilikuwa sahihi kwa swali jingine. Mwalimu Filomena alitumia vifaa vyote vya ufundishaji alivyokuwa navyo wakati ule: fimbo, kupigisha magoti na kumwita mzazi. Hafidha alilia kwa dhati, akaahidi kwa dhati, akasahau kwa dhati.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Akitumwa chumvi, alirudi na paka. Baba alichapa, mama aliomba kisomo, majirani walitoa ushauri bila kikomo.

Siku moja Mwalimu alimpigisha magoti nje ya darasa, akaenda kuchukua chaki. Aliporudi alimkuta mtoto ameyashika magoti yake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anayasemesha: “Tulieni jamani, mwalimu anakuja. Tulieni.”

Mwalimu Filomena alimwinua, akamfuta uso kwa khanga yake, akamwambia aingie ndani. Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwao kwa miguu. Asha alipomwona mlangoni alianza kuomba radhi kabla hata ya kumaliza shikamoo.

“Mama Hafidha, sikuja kushtaki,” Mwalimu alimwambia. “Mtoto huyu hakaidi. Anajitahidi kuliko darasa zima, ila hawezi.”

Walimpeleka pamoja hospitalini, kwa daktari wa watoto aliyekuwa amekuja kwa ziara. Daktari alimtazama, akawauliza mengi, akawaeleza kuwa hali hiyo inajulikana: mtoto amezaliwa na upungufu wa umakini na utulivu. Si jini, si malezi mabaya, wala si ujinga. Dawa zipo duniani, alisema, ila hapa hazipatikani. Hayo yalikuwa maajabu ya soko huria: mjini kwetu ulikuwa unaweza kununua redio ya Dubai, na mchele wa Thailand ukiwa umepangwa kando ya mchele wa Dakawa, lakini si hicho kidonge. Basi daktari akawapa maelekezo badala yake: agizo moja kwa wakati mmoja, kazi fupi fupi, ruhusa ya kusimama, na sifa papo hapo anapofanya vyema.

Shuleni, Hafidha akahamishiwa dawati la mbele, mbali na dirisha. Akichoka kukaa aliruhusiwa kusimama nyuma ya darasa na daftari lake, au kufuta ubao. Kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu Filomena aanze kazi, darasa lake likawa na mtu anayetembea. Wageni wa mkoani wakabadilishiwa njia.

Nyumbani, mwekezaji alikuwa amesaidia bila kujua. Sufiani, kwa kukosa kazi, alikuwa anatengeneza baiskeli uwani, na mtoto akawa anasoma kwa sauti huku akizizunguka. Baba aliyezoea kutoa amri tano kwa pumzi moja alijifunza kutoa moja na kungoja. Haikuwa rahisi. Kuna siku alisahau akanyanyua mkono, na kuna wiki nzima ambazo madaftari yalipotea kama kawaida. Lakini alipofika darasa la nne, Hafidha alikuwa anasoma vizuri kuliko baba yake, na baba ndiye aliyekuwa akiitangaza habari hiyo mtaani.

Kisha ukaja mwaka wa mtihani wa darasa la saba. Shule binafsi zenye mabasi mapya zilikuwa zinatuchukulia watoto, na Mwalimu Mkuu wetu wa wakati huo, Mwalimu Alois, alitaka wastani wa kutangaza. Katika kikao cha walimu alipendekeza Hafidha arudie darasa la sita, “kwa faida yake.” Wengi tuliitikia kwa vichwa. Mwalimu Filomena alisimama.

“Akirudia, atakuwa amerudia kwa faida ya wastani wetu,” alisema. “Tuseme hivyo basi, ili mzazi aelewe.”

Kikao hakikusema hivyo. Kesho yake yeye na Asha walikwenda kwa mratibu elimu wa kata, na Hafidha akafanya mtihani. Mwalimu Filomena naye aliondolewa kwenye darasa la mtihani na kukabidhiwa darasa la kwanza, watoto wameketi hadi sakafuni, ili ajifunze utii.

Hafidha alifaulu, akachaguliwa sekondari ya kutwa. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa katikati, mahali ambapo hakuna aliyemtarajia. Kwenye mahafali Mwalimu Alois aliwaambia wageni kuwa shule hii haijawahi kumbagua mtoto. Tulipiga makofi.

Adhabu ya darasa la kwanza imedumu hadi leo, kwa sababu Mwalimu Filomena alikataa kusamehewa. Humo watoto husimama na kujinyoosha katikati ya kila somo, na wazazi wa watoto wasiotulia huja mapema kumwomba nafasi. Mwalimu Alois, ambaye sasa ana shule yake binafsi, amemwalika akafundishe huko. Jibu lake lilikuwa fupi: atakwenda siku watakapowapokea wasiotulia. Kwa sasa anarudi Matombo kwenye migomba yake.

Mwalimu Filomena, asante kwa kutufundisha ukiwa umekaa nasi na ukiwa umesimama peke yako. Milima ikupokee kwa afya, na uzee wako uwe na utulivu kiasi unachotaka wewe.

Kwa niaba ya wanafunzi wa zamani atazungumza Hafidha Sufiani, wa kidato cha nne. Kamati imempangia dakika tano. Mwalimu Filomena ameomba asikatizwe.