Shuka Hukunjwa na Wawili

Mgeni rasmi ambaye ndiye Mkurugenzi wetu mpya, Msimamizi wetu, manesi mlioziacha wodi kwa dakika chache, na wenzetu ambao mikono yenu bado imelowa, hamjambo?

Haya tunayoyasoma hatukuyaokota njiani. Alituambia mwenzetu tunayemwita Pasi, kwa kinywa chake, Jumanne ile ya mvua kubwa mwezi uliopita, hapa hapa penye meza ya tatu. Na ametupa ruhusa tuyaseme.

KARIBU KWENYE JOTO

Wageni wengi huishia mlangoni, wakasema "poleni", wakarudi walikotoka. Wewe, Mgeni rasmi, umeingia hadi kwenye mashine. Miwani ikishika ukungu, ifute tu kwa shati, usione haya. Humu kila mtu hufuta kitu.

TULIKOTOKA

Sisi wa chumba cha kufulia tupo kumi na mmoja: kumi wa kukunja, na fundi wa mashine tunayemwita Mvuke. Tangu zamani, shuka humu lilikunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake mbili, mnavuta, mnatikisa, kisha mnaendeana mpaka pembe zikutane, uso kwa uso. Shuka moja, mnakutana mara tatu, na kila mkikutana mnatupiana neno.

"Mtoto kaamkaje?"

Mnaachana, mnarudi.

"Homa imeshuka, dada."

Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuficha macho mekundu humu ndani, hata siku moja.

YALIYOTUSIBU

Mwaka jana tukapangiwa kila mtu na meza yake, akunje peke yake, na idadi yake iandikwe ubaoni. Msimamizi wetu, tunasema akiwepo, si mtu mbaya. Aliambiwa wodi zinasubiri mashuka, akatafuta njia. Na wiki mbili za kwanza idadi ilipanda kweli. Baadaye mashuka yakaanza kurudi kutoka wodini, mengine yamekunjwa upande, mengine na unyevu wake. Aliyejikata alifunga kidole kimya kimya asije akapitwa ubaoni.

Pasi alikuwa wa kwanza kwenye ubao huo, akashuka, akashuka, akawa wa mwisho. Na sisi tulimcheka, Mgeni rasmi. Hilo tunalikiri.

"Leo Pasi imepoa! Mwongezeeni mkaa!"

Naye alicheka nasi, kwa meno tu.

Hatukujua kwamba mama yake mzazi, anayekaa naye, amepotewa na kumbukumbu, na kila usiku hufungua mlango atoke kuwafuata wanawe shuleni, wale wale ambao leo wana wajukuu. Pasi alikuwa ametandika godoro mlangoni, analala juu yake sikio moja likiwa macho. Miezi miwili. Akifika kazini, mashine zikinguruma, yeye anasikia mlango unafunguliwa.

"Nilikuwa nahesabu mashuka," alituambia, "nikifika saba nasahau, naanza tena moja. Nikaogopa. Nikajiuliza, au na mimi yameanza ya mama?"

Asubuhi moja akatia vitambaa vipya vya kijani vya chumba cha upasuaji pamoja na mashuka meupe, kwenye maji ya moto. Yeye, mwenye miaka kumi na tisa kwenye kazi hii! Yakatoka mashuka sitini rangi ya majani machanga.

"Jamani," Mvuke akapaza sauti, "leo wagonjwa wanalala malishoni!"

Tukacheka tena. Pasi akapewa barua ya onyo la mwisho.

Ndipo ikaja Jumanne ya mvua. Shuka la kitanda kikubwa likamshinda, likaburuta sakafuni. Mkubwa wetu kwa umri, tunayemwita Bibi, akaacha meza yake, akashika pembe mbili za upande wa pili. Wakaendeana.

"Mwanangu, haya macho ni ya nani?"

"Ya kwangu, Bibi."

Wakaachana, wakavuta, wakarudiana.

"Hulali tangu lini?"

Wakaachana tena. Mara ya tatu pembe zilipokutana, Pasi hakuziachia. Akaweka paji la uso juu ya shuka, akasema yote.

TULIYOFANYA BILA RUHUSA

Tangu siku ile tunakunja wawili wawili, kinyume cha agizo. Idadi tunagawana, ukiona ubaoni watu kumi wamelingana, usidhani ni muujiza. Saa ya mapumziko Pasi hulala nusu saa kwenye chumba cha mablanketi, na mmoja wetu hukaa mlangoni, ili moyo wake ujue kuwa mlango una mtu. Na mara mbili kila wiki, usiku, mmoja wetu huenda kulalia lile godoro kwa mama yake.

Kwa wiki nne yamerudi mashuka matatu tu. Nesi wa wodi ya wazazi yupo hapa, mwulizeni.

TUNACHOOMBA

Hatuombi feni, ingawa joto umelionja. Kesho saa tatu asubuhi Pasi ameitwa ofisini, na sote tunajua anaitiwa nini. Tunaomba abaki, na meza zetu ziunganishwe. Ikiwa lazima mtu aadhibiwe kwa mashuka sitini, andikeni majina kumi na moja, maana tulimwona anazama tukampigia kicheko. Ubao msiuondoe. Ufutwe tu. Tutauandikia zamu za kwenda kwa mama.

Mungu akujalie, Mgeni rasmi, mtu wa kushika upande wa pili wa kila kitu kizito utakachobeba.

Umetuhesabu, umepata tisa. Pasi alisema leo hatalala, atasikiliza kupitia mlango wa chumba cha mablanketi, ulio wazi. Mvuke amekaa pale, na tulikubaliana naye ishara: kiganja shavuni.

Ameinua kiganja. Amelala.

Tunaomba msipige makofi.

Ni sisi wenzake, kwa sauti ndogo,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kufulia.