Mama Kavira Madeleine, Aliyetoa Damu Mara Tano

1968–2025

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Kambale Delphin, mzee wa kanisa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemchagua, na sababu yake imo humu.

Mama Madeleine alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1968, binti wa tatu wa mkulima wa viazi. Baba yao alifariki mwaka 1981, tumbo limejaa maji. Watu walisema ni kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mzee alikana mpaka siku ya mwisho, na hakuna aliyemsadiki, hata binti yake. Toka hapo Madeleine aliichukia pombe kwa moyo wote.

Alisoma Butembo na kupata diplome ya Serikali katika ualimu mwaka 1987. Alifundisha miaka miwili, kisha akasema chaki haijazi sufuria. Tarehe 22 Desemba 1990 aliolewa na Baba Julien Kasereka, dereva wa lori, na Mungu akawapa watoto watatu.

Walihamia Bunia mwaka 1996. Mama aliuza makayabo, wale samaki wa chumvi, na samaki wa moshi kutoka Tchomia, na mlevi hakuuziwa kwenye meza yake hata angekuja na pesa taslimu. Kanisani aliwaongoza akina mama kwa miaka kumi na tisa. Katika arusi moja ya mwaka 2011 alifungua kreti nzima ya sukre, yaani soda, na kunusa chupa moja moja kabla ya wanakwaya kunywa, wakwe wapya wakimtazama. Hakupata kitu, wala hakuomba radhi.

Ugonjwa ulianza Septemba 2023 kwa uchovu. Katika hospitali moja ya mjini walimpima kwa ekografi, ile mashine ya picha za tumbo, wakaona ini limejaa mafuta. Aliyempima aliuliza swali moja tu: “Mama, unakunywaka?” Mama Madeleine alichukua kikapu chake akatoka. Huku kwetu ini likisemwa, watu husikia chupa. Kabla ya Jumapili soko zima lilikuwa linajua.

Mwaka uliofuata Delphin alimwona dada yake akiyumba sokoni saa tatu asubuhi, maneno yakimchanganyika. Ulikuwa ugonjwa. Yeye aliona pombe. Wazee watano wa kanisa walipoketi, mmoja wao alisema lisemwalo lipo, na Delphin alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mama aliwekwa chini ya nidhamu. Alivuliwa kitambaa cheupe cha akina mama, akazuiwa kwenye meza ya Bwana. Na kila mtu hapa anajua desturi yetu: anayekufa chini ya nidhamu anazikwa bila mchungaji na bila kwaya. Iliumiza sana, na mwenye kusoma karatasi hii anaomba msamaha mbele ya wote.

Mama hakubembeleza mtu. Alikwenda hospitali ya Nyankunde kwa Daktari Rebecca, ambaye alimweleza hivi: “Ini ya mafuta haiko ugonjwa moja, mama. Iko ya pombe, iko ya sukari na kilo, iko na ile inapitaka mu jamaa. Ku ekografi zote zinafanana. Damu njo inazitenganisha, juu kila moja inaachaka alama yake.”

Damu ilitumwa Kampala. Jibu lilirudi Februari 2025: alama ya pombe haikuwamo. Wazee walisema alama hiyo hufutika baada ya majuma machache, pengine mama aliacha kidogo ili apimwe. Kwa hilo hawakukosea. Mama akajibu, “Basi wanitoshe damu kila mwezi, tuone nani atachoka.” Pamoja na mara ile ya kwanza, alipanda gari kwenda Nyankunde kutolewa damu miezi mitano mfululizo, miguu imevimba. Majibu yote matano yalikuwa safi. Sukari yake pia ilikuwa sawa, na mafuta ya damu yalikuwa chini. Zilizoonekana ni alama za aina ile ya tatu, ya jamaa.

Daktari alipomaliza kueleza, mama alisema, “Kumbe baba alisemaka kweli.” Akalia. Baba Julien anasema hakuwahi kumwona akilia vile.

Mwezi wa Julai nidhamu iliondolewa, na Delphin akatumwa kurudisha kitambaa. Alimkuta dada yake akipepeta mchele. Hakuinua macho. “Weka ku kiti. Weye kesho unaenda kutosha damu. Siye ni tumbo moja.”

Lakini ini lilikuwa limekwisha kuwa gumu. Mama Madeleine alifariki nyumbani kwake Bunia tarehe 3 Novemba 2025, akiwa na miaka hamsini na saba.

Ameacha mume, Baba Julien, watoto watatu, Dorothée, Prudent na Fifi, wajukuu saba, na mdogo mmoja, Delphin. Orodha hii aliiandika kwa mkono wake, na chini ya jina la mume alipiga mstari. Walio chini ya mstari huo ni damu yake. Wakubwa wote kati yao wanangojewa Nyankunde siku ya Jumatatu kupimwa damu, na asiwepo atakayekataa kwa kusema yeye hanywi.

Delphin amekwisha kwenda. Yeye pia hanywi, na alama zilezile zimeonekana kwake.

Bwana amlaze yaya yetu, dada yetu mkubwa, katika amani yake. Kwaya imwimbie.