Kulima Bila Kulima

Basini, mama mkulima aliisoma fulana ya kijana aliyeketi kando yake, akajua ni bwana shamba. "Mwanangu, si ninyi mliosema tusilime? Msimu mzima nimekaa, wajukuu wanakula maneno!" "Mama, tulisema msitifue udongo! Acheni mabua juu, pandeni katikati, mvua isiondoke na rutuba." "Jirani aliyaacha. Udongo ulibaki, ila mbolea aliyoimwaga juu ikaenda mtoni." "Mbolea hufukiwa, mama." "Kwani kufukia si kutifua?"

Shule ya kijana haikufika hapo. Basi likasimama, mama akashuka. "Mvua hiyo inakuja! Nishike jembe, nisishike?"

"Shika kidogo!" kijana akaita dirishani.

Mama akabaki kituoni, akiwaza jembe hushikwaje kidogo.