Umri wa Baba Wodini

Bucha: Haloo? Nani mwenzangu?

Dada: Mimi dada'ko. Hii simu ya nesi, yangu imezima.

Bucha: Shikamoo dada! Ngoja nizime msumeno, nina mteja wa mbavu hapa... Haya. Mzee vipi?

Dada: Marahaba. Yu macho. Sikiliza, daktari akikuuliza, baba ana miaka hamsini na nane.

Bucha: Baba yupi?

Dada: Baba yetu!

Bucha: Dada, baba ana sabini na moja! We mwenyewe una hamsini na mbili!

Dada: Najua. Alinizaa akiwa darasa la kwanza.

Bucha: Kwa nini lakini?

Dada: Daktari alimweleza kwamba waliopasuliwa saratani ya umio, wanaodumu zaidi ni waliogundulika mapema, wasiokonda sana, wasiovuta sigara. Na umri nao una—

Bucha: Una nini? Unakatika!

Dada: —una mchango wake! Basi mzee kaanza kurekebisha. Eti hajawahi kuvuta.

Bucha: Baba? Aliyetoboa makochi yote kwa moto wa sigara?

Dada: Hata uzito. Siku ile anapimwa kabla ya operesheni, alikuwa amefunga mawe ya mzani kiunoni.

Bucha: Mawe ya— Kumbe ni yeye! Nimeuza nyama kwa kukisia wiki nzima!

Dada: (anacheka) Pole, mdogo wangu.

Bucha: Na daktari kaamini?

Dada: Wapi! Ila kila asubuhi anamsalimu, “Habari yako, kijana.”

Bucha: Majibu ya zile tezi walizomtoa kupima saratani je?

Dada: Mtandao mbaya.

Bucha: Mtandao mzuri. Nakusikia unavyopumua.

Dada: ... Baba kawaambia hizo tezi si zake.

Bucha: Zote?

Dada: Mbili zilizokutwa na saratani.

Bucha: Basi anajua.

Dada: Anajua kuliko sisi. Watamwekea dawa za saratani mshipani akipata nguvu— Ngoja! Wamemletea maji. Kijiko cha kwanza tangu apasuliwe.

Bucha: Dada?

Dada: Shh. Kayaweka mdomoni.

Bucha: Mama, subiri, mbavu hazikimbii! — Yameshuka?

Dada: Kafumba macho.

Bucha: Dada, yameshuka?

Dada: Yameshuka! Wala hajakohoa!

Bucha: Yote?

Dada: Yote! Sasa anamnyang'anya nesi kijiko— baba, acha! Salio la watu linaisha, we njoo, njoo upesi, halafu uje na—

Bucha: Nije na nini? Dada? Nije na nini? Haloo?