Robo Inchi na Jiwe la Ghorofa ya Saba

Baada ya miaka thelathini na nne na miezi miwili kazini, mpimaji na mkadiriaji wetu wa majiko, tunayemwita Robo Inchi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Aliyepaswa kuandika karatasi hii ni mtu wa ofisini. Nimekataa. Naandika mimi, fundi seremala, kwa sababu ndimi mkongwe kuliko wote hapa, na hakuna kabati lililotoka karakana hii bila kupita mikononi mwangu au mwa watu niliowafundisha. Shule niliiacha darasa la nne. Katibu atanyoosha herufi tu, maneno nimemwambia asiyaguse.

Alikuja akiwa kijana mwembamba, shati limechomekewa, futi ya chuma kiunoni. Mimi nilikuwa tayari fundi wa kutajwa mjini. Siku ya kwanza nikampa ukuta apime. Akapima chini, akapima katikati, akapima juu. Nikamwambia, "Wewe, unaupima ukuta au unaushonea suruali?" Akajibu taratibu, "Fundi, chini na juu haviko sawa. Vimepishana robo inchi." Nikaleta pimamaji yangu nimwaibishe mbele ya watu. Kweli, vimepishana. Jina likamganda palepale, na aliyelitoa ni mimi.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko yangu, na mimi si mwepesi wa kukubali jambo kama hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kwenye fleti za wenye nazo kuwaambia bei ya jiko jipya. Wateja wale hudhani gharama iko kwenye vinavyong'aa, jiwe na bomba la rangi ya dhahabu. Robo Inchi alikuwa akipiga magoti chini ya sinki, anawaita waje waone. Ukitaka sinki lihame liende dirishani, na bomba la maji machafu linahama, nalo linapita juu ya dari ya jirani wa chini, na jirani naye ana maneno yake. Kuna majengo yanaruhusu nyundo saa tatu asubuhi hadi saa tisa tu, kwa hiyo fundi unamlipa kutwa nzima kwa kazi ya nusu siku. Lifti ikiwa ndogo, mzigo unapanda kwa mabega. Tena kuta za majengo ya zamani zimepinda, kabati la dukani halikai, lazima litengenezwe kwa kipimo. Hapo ndipo ninapoingia mimi, na mimi si bei rahisi. Mwisho aliwaonya kuhusu kubadili mawazo msumeno ukishauma mbao. Hilo, alisema, ndilo linalokula kuliko yote.

Mama mmoja alisoma makadirio yake akavua miwani. "Baba, hili ni jiko au gari?"

"Gari, mama, hulihamishii bomba."

Mama alicheka mpaka akaketi. Akaliacha sinki palepale lilipokuwa, na bei ikaporomoka. Bosi alinuna wiki nzima, mpimaji gani anampunguzia mteja kazi? Lakini mama yule alituletea wateja tisa.

Majiko aliyoyapima yamepita mia nane. La kwake ni la umeme, la sahani moja, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Mkewe alifariki zamani, na binti yake wa pekee anaishi mbali. Kila kazi ilipokwisha, sisi tulikuwa tukikusanya vifaa na kuondoka. Yeye alibaki. Siku moja nilirudia koti langu nikamkuta peke yake katika jiko jipya la watu, anafungua droo, anaifunga. Anafungua bomba, anasikiliza maji, anafunga. Kisha akazima taa na kutoka. Hakuniona, na mimi sikumwita.

Sasa nisimulie lililonifanya niing'ang'anie karatasi hii. Ofisi ilinipa kumbukumbu zake za kusomwa Ijumaa mbele ya watu wote na binti yake. Chini kabisa imeandikwa: kosa moja, vipimo vya jiwe, ghorofa ya saba.

Kosa hilo si lake.

Katika kazi yetu jiwe la juu ya makabati halipimwi mpaka makabati yamekaa na kufungwa. Robo Inchi hakuwahi kuivunja sheria hiyo. Siku ile alikuwa kwenye fleti nyingine. Mkata mawe, ambaye ni shemeji yangu, akapiga simu: mashine iko tayari, anataka vipimo. Nikasema jicho langu latosha. Nikampimia ukuta ukiwa bado na vigae vya zamani. Vigae vilipobanduliwa na lipu yake, ukuta ukarudi nyuma. Wanaume wanane walilipandisha jiwe kwa ngazi ghorofa saba, lifti imewakataa, na lilipolazwa likapungua upana wa vidole viwili. Jiwe likizidi utalikata. Likipungua umekwisha. Likanunuliwa jingine, na wenye nyumba wakaosha vyombo bafuni wiki sita.

Bosi akauliza, "Nani kapima?" Shemeji akatazama viatu vyake. Mimi nikainama kukusanya vifaa vyangu. Robo Inchi akasema, "Vipimo ni kazi yangu, bosi." Mwezi ule ndio alikuwa apewe usimamizi mkuu. Akapewa mwingine.

Sikumwambia asante wala samahani. Nikamkasirikia, eti nani alimtuma. Tulikuwa tukila mchana pamoja kwenye meza yangu ya kazi, nikahamishia chakula changu stoo ya mbao. Kesho yake alinifuata na kopo lake la chakula, akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Nimeshakula." Nilikuwa sijala. Hakurudi tena. Miaka kumi na mmoja tumesemezana inchi tu.

Bosi wa sasa, mtoto wa yule wa kwanza, ameniambia, "Mzee, mambo ya kale hayo, yaache." Nikamwambia afute mstari ule aandike jina langu, la sivyo nitasimama mwenyewe ukumbini niseme. Amefuta, nimeona kwa macho yangu. Kwenye kumbukumbu za Robo Inchi sasa imeandikwa: makosa, hakuna. Kwenye zangu liko moja, na huko ndiko kwao.

Robo Inchi, Jumapili unahamia kwa binti yako. Nisamehe. Si lazima unijibu. Nashukuru kwa kila ukuta ulionipimia mara tatu, maana sifa ninazojipigia mjini, nusu yake ilitoka kwenye futi yako. Karakana yote inakupa asante. Nenda salama, ndugu yangu, na miaka iliyobaki iwe mirefu na yenye watu.